Mtoto wa Futi Saba

Wiki jana tulimwacha Ekidor Lochakapong na ubavu wa mbuzi mkononi, mdomo wazi, meno tayari. Alikuwa ameketi juu ya majani mabichi pamoja na wanaume wa Lopur, nje kidogo ya Kakuma, ndipo mzee Lokaale alipoinua fimbo yake na kupaza sauti:

"Huyo mtoto atoke!"

Watu wakageuka kumtafuta mtoto. Wakaangalia nyuma ya sufuria, chini ya hema la wageni, hata uvunguni mwa gari la mwakilishi wa wadi. Mtoto hakuonekana.

"Nasema wewe," Lokaale akasema. "Wewe mrefu. Weka nyama chini."

Ekidor alitazama kushoto, akatazama kulia. Hapakuwa na mrefu mwingine.

"Mimi, mzee?"

"Ni wewe. Hii nyama ni ya wanaume."

Kwa wewe uliyetufikia leo, yafaa ujue huyu anayeitwa mtoto ni nani. Ana miaka arobaini na moja. Urefu wake ni futi saba kasoro inchi moja, na inchi hiyo watu wa Lodwar walishamwongezea zamani. Aliondoka nyumbani akiwa mwanafunzi, akacheza mpira wa kikapu Nairobi, kisha Ureno, kisha Romania, kisha Lebanoni, hadi goti la kushoto lilipogoma. Amelala katika hoteli ambazo pazia hufunguka lenyewe. Ameimbwa jina na uwanja mzima wa Waromania ambao hawakuweza kulitamka.

Amerika hajafika. Viza alinyimwa. Lakini siku hiyo juu ya hema la wageni lilitundikwa bango kubwa lenye uso wake, na chini ya uso maneno haya: KARIBU NYUMBANI, NYOTA WA AMERIKA. Bango lilikuwa la Mheshimiwa Adome, mwakilishi wa wadi, na Mheshimiwa akishachapisha bango halisahihishwi tena.

Kilichowakutanisha ni uwanja. Tangu Ekidor arudi amesimamisha nguzo mbili na vikapu viwili kwenye kiwanja cha Lopur, na kila jioni wasichana wa Kiturkana na wale wa kambi ya wakimbizi hukimbizana hapo mpaka vumbi lifunike jua. Adome naye alitaka kiwanja hicho hicho kimwendee mwekezaji kutoka Nairobi. Mwekezaji angejenga hoteli yenye bwawa la kuogelea, mahali ambapo kina mama huchimba mchanga wa lagga, mto uliokauka, kutafuta maji ya kunywa.

Ardhi ni ya jamii, na neno la mwisho ni la akiriket, kikao ambacho wanaume hula nyama kwanza na kuamua mambo baadaye. Ekidor alikuja kuutetea uwanja wake mbele ya kikao hicho. Hotuba alishaipanga kichwani, yenye machozi kidogo katikati.

"Mzee, nimekuja kuongea juu ya uwanja," akasema.

"Mtoto haongei hapa."

"Nina miaka arobaini na moja!"

"Hata punda wangu ni mzee," Lokaale akajibu. "Bado haongei hapa."

Wanaume wakacheka na nyama mdomoni. Kwa heshima ya wageni kikao kiliendeshwa kwa Kiswahili, na Kiswahili kikavumilia.

"Sikia, kijana," Lokaale akaendelea, akiramba kidole kimoja kimoja. "Baba yako Lochakapong alikuwa wa kundi la Chui, kwa hivyo wewe ni wa kundi la Jiwe. Hiyo ni ya kuzaliwa, hakuna mtu anakunyima. Lakini asapan si ya kuzaliwa. Wewe asapan yako ulifanyiwa wapi?"

Ekidor akautazama ubavu mkononi mwake. Kila Mturkana anajua asapan ni nini. Ndiyo sherehe inayomwingiza kijana utu uzimani: anachoma mnyama kwa mkuki, wazee wanampaka, mtu mzima mmoja anamsimamia kama baba, na kuanzia siku hiyo anakula na wanaume na neno lake linasikika. Rika lake lilifanyiwa mwaka ambao yeye alikuwa ng'ambo, akifundishwa na Mreno mmoja mfupi namna ya kuruka.

"Nilikuwa Ureno," akasema kwa sauti ndogo.

"Huko Ureno ulichoma ng'ombe?"

"Hapana, mzee. Walinipa kandarasi."

"Hiyo ni mnyama gani?"

Basi. Nyota wa Amerika akarudisha ubavu kwenye majani, akanyanyuka kwa awamu mbili kama afanyavyo mwenye goti bovu, akaenda kuketi pembeni na wavulana wanaosubiri mifupa. Aibu ilimwaka masikioni. Amezomewa Romania, amerushiwa chupa Lebanoni, lakini hajawahi kuaibika hivyo.

Aliyempisha nafasi alikuwa Bare, Msomali mwenye duka Kakuma, aliyekuja na chupa yake ya chai kwa sababu nyama ile haikuchinjwa anavyotaka yeye.

"Karibu, walaal, ndugu yangu," Bare akasema. "Mimi niko hapa miaka ishirini na bado ni mtoto. Utazoea. Chai?"

Upande wa pili, walikokuwa wanawake na masufuria, sauti ya msichana ikapaa. Ilikuwa ya Daniella, kapteni wa timu, binti wa Kikongo anayeishi kambini.

"Kocha Ekidor! Kumbe weye ungali mutoto?"

Wasichana wakaangua kicheko. Mmoja tu hakucheka, naye ni Nelly, kocha mwenzake.

Nelly ni binti wa Mheshimiwa Adome, tena wa pekee. Mchana anampinga baba yake juu ya uwanja, jioni anakula chakula cha baba huyo huyo. Na wewe msomaji unajua jambo ambalo baba hajui: Nelly na Ekidor wameahidiana kuoana, wakisubiri tu uwanja upone kwanza.

Adome akasimama. Alivaa suti juu na kandambili za ngozi chini, ili awakilishe pande zote.

"Ejok, wazee wangu!" akasalimia.

"Ejok-noi," wakaitikia.

"Mimi sina maneno mengi," Adome akasema, kisha akayasema yote. Alieleza maendeleo. Alieleza ajira. Alieleza kwamba mtalii akishaogelea hupata njaa, na akipata njaa atanunua mbuzi, na mbuzi watatoka kwa nani kama si kwa wazee hawa? Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mwekezaji, aliyekuwa akiyeyuka ndani ya koti lake, akapunga mkono.

"Sasa tumalize," Adome akasema. "Kuna mtu anapinga?"

Hakuna aliyepinga. Mpinzani alikuwa kwa wavulana, na kila alipotaka kuinuka Bare alimvuta shati. Lokaale alikuwa ameshavuta pumzi ili atoe baraka ya mwisho.

"Basi nifanyieni leo!"

Ekidor alikuwa amesimama. Shati lilibaki mkononi mwa Bare, kipande chake.

"Tukufanyie nini?" Lokaale akauliza.

"Asapan. Leo, hapa, sasa hivi. Nikishakuwa mwanaume niongee."

Wazee wakatazamana. Kwa kawaida jambo kama hilo hupangwa na kusubiri msimu wake. Lakini asapan ni mnyama, na mnyama ni nyama, na Lokaale alikuwa amemaliza mbuzi akabakiwa na nafasi.

"Ng'ombe iko?"

"Iko!" wakajibu wazee kwa pamoja, wakimtazama fahali mwekundu ambaye Adome alimleta kwa ajili ya picha za kufungia sherehe.

"Huyo ni wa picha!" Adome akapinga.

"Atapigwa picha akianguka," Lokaale akasema. "Sasa, nani atamsimamia huyu kijana?"

Asubuhi ile kila mzee alikuwa amepokea tumbaku na sukari kutoka mkononi mwa Mheshimiwa, na sasa kila mzee akagundua kidoleni mwake mwiba unaohitaji kuangaliwa kwa makini. Ekidor alizungusha macho kutoka uso hadi uso. Hakuna aliyeinua kichwa.

"Mimi."

Umesikia vizuri. Aliyesema ni Adome.

"Mimi nitamsimamia," akarudia, akitabasamu kwa meno yote. "Kijana hana baba. Nitakuwa baba yake."

Wazee wakashangilia ukarimu wa Mheshimiwa. Mpiga picha akakimbia mbele. Bare akamshika Ekidor mkono, akamnong'oneza:

"Usikubali, walaal. Nimeuza mbuzi za asapan nyingi, mimi najua hii mambo. Huyo akishakuwa baba yako, umeisha. Hapa mtoto hapingi baba yake kwenye kikao. Hata akisema jua ni mwezi, wewe unasema ndio baba, mwezi inawaka sana leo."

Ekidor akauona mtego wote. Akibaki mtoto, haruhusiwi kuongea. Akiwa mwanaume kwa mkono wa Adome, ataruhusiwa kuongea, ila si dhidi ya Adome. Hasira ilimpanda mpaka macho yakauma. Mtu huyu alikuwa ameamua kumlea kusudi amnyamazishe!

Akamtafuta Nelly kwa macho.

Nelly alisimama kando ya sufuria, ngumi ameibana kifuani. Ile haikuwa ishara ya mapenzi. Ilikuwa ishara ya timu, ambayo Ekidor mwenyewe aliwafundisha wasichana: simama ugongwe. Mpinzani anakuja mbio na mpira, wewe hukimbii, huruki, hunyooshi mkono. Unapanda miguu chini na kumwacha akuvamie. Utaanguka, utaumia, lakini kosa litakuwa lake na mpira utakuwa wako. Ekidor amepoteza meno mawili kwa ujanja huo, na amepata ubingwa mmoja.

Nelly alibana ngumi tena, kwa nguvu zaidi. Kubali!

"Nakubali," Ekidor akasema.

Akaletewa mkuki. Fahali mwekundu akasimamishwa mbele yake, karibu kiasi kwamba angeweza kumshika pembe. Ekidor akautazama mkuki, akamtazama fahali, kisha, kwa mazoea ya miaka mingi, akaanza kurudi kinyumenyume.

"Unaenda wapi?" Lokaale akauliza. "Ng'ombe iko hapa!"

"Natafuta mstari, mzee."

"Mstari gani?"

Ekidor alikunja magoti kidogo, akainua kiwiko, akaurusha mkuki kwa kiganja kama anavyorusha mpira. Ulipaa vizuri sana. Ulipinda angani, ukampita fahali juu kabisa, ukatua kwenye bango na kulitoboa katikati ya jicho la Nyota wa Amerika. Mwekezaji akaruka kutoka kitini. Fahali akaendelea kucheua.

"Alama tatu!" Daniella akapiga kelele.

"Hii si mchezo!" Lokaale akafoka. "Kijana, sogea. Ng'ombe haina kikapu. Choma!"

Mara ya pili Ekidor alisogea, akafumba jicho moja, na fahali akaenda chini. Wazee wakaridhika. Tumbo likapasuliwa, Lokaale akachota kwa mikono miwili majani mabichi yaliyosagika mle ndani, yenye joto bado, akataka kumpaka usoni kama inavyotakiwa. Hakumfikia.

"Piga magoti."

"Goti la kushoto haliendi, mzee."

Ikabidi Lokaale apande juu ya kiti cha plastiki cha mwekezaji. Akampaka paji la uso, kifua na mabega, akitamka baraka, na kiti kikitamka yake. Kisha Adome, kama mila inavyotaka, akamvua mwanawe mpya nguo za utotoni na kumvika za utu uzima: kandambili zilizoishia katikati ya nyayo, na shuka iliyomfika juu ya magoti kama sketi ya shule. Mpiga picha hakupumzika.

Cheka ukitaka, lakini Ekidor hakucheka. Harufu ya tumbo la ng'ombe ilimrudisha mbali, kwa baba yake, marehemu Lochakapong, aliyekufa akisubiri siku hii wakati mwanawe akisaini tisheti za Waromania. Aliona haya mbele ya mtu ambaye hayupo.

"Sasa wewe ni mwanaume," Lokaale akasema. "Adome, mwanao anaanza maisha. Mpe kitu. Na wewe kijana, omba kwa baba yako."

Adome akatoa kifua. "Omba, mwanangu. Beberu? Ngamia? Baba yako yuko hapa."

Ndipo Ekidor akaielewa ile ngumi. Mpinzani alikuwa amekuja mbio zake zote, hawezi tena kusimama.

"Baba," akasema, "naomba uwanja."



Tabasamu la Adome lilibaki mahali pake, lakini mwenyewe alikuwa ameshaondoka nyuma yake.

"Uwanja gani?"

"Huu wa Lopur, baba. Sikupingi. Naomba tu."

"Hajapinga," mzee mmoja akashuhudia.

"Ameomba vizuri," mwingine akasema.

Lokaale akateremka kwenye kiti. "Adome, wewe umesimama mbele ya wanaume ukasema ni baba. Baba atamnyima mwana siku ya kwanza, na majani ya tumbo la ng'ombe bado hayajakauka kifuani kwake?"

"Mheshimiwa," mwekezaji akanong'ona, "sisi tulielewana!"

Adome aliitazama shuka aliyomvika Ekidor. Kisha, bila kutegemewa, akacheka kicheko cha kweli, akafungua mikono.

"Uwanja ni wako, mwanangu."

Vigelegele! Wasichana wakarukiana. Daniella akaubusu mpira. Ekidor akahisi furaha ambayo hajaionja tangu ule ubingwa mmoja, akainama kumkumbatia Adome kwa moyo wake wote, na hapo hapo sikio lake likashuka usawa wa mdomo wa Mheshimiwa.

"Viwanja Turkana viko tele," Adome akamnong'oneza. "Hoteli nitaipeleka Lodwar. Lakini binti ninaye mmoja. Ulidhani mimi sijui?"

Ekidor akakauka. Adome akajinasua, akageukia masufuria, akaita kwa sauti ya kampeni:

"Nelly! Leta maziwa, mama. Njoo umsalimie kaka yako!"

Kaka yako. Wanawake wazee wakapiga makofi, wakifurahi kwamba familia imekua. Kwa mila, aliyesimamiwa na Adome ni mwana wa Adome, na mwana wa Adome ana dada mmoja. Mtu haoi dada yake. Hilo halijadiliwi akiriket wala kanisani wala kwa kadhi.

Nelly alikuwa tayari njiani na kibuyu cha maziwa mkononi, uso uking'aa. Neno lilipomfikia, miguu ilisimama. Alimtazama baba yake. Alimtazama Ekidor na shuka yake fupi. Alikuwa amemwambia mchumba wake asimame agongwe, na sasa wamegongwa wote wawili. Maskini Nelly, shule zote alizosoma hakuna iliyomfundisha hilo.

"Njoo, mama," Adome akarudia kwa upole. "Maziwa yatapoa."

Nelly akakiweka kibuyu chini. Mwanamke haingii kwenye kikao cha wanaume, naye hakuingia. Alisimama pale pale ukingoni, akapaza sauti.

"Mzee Lokaale, nina swali. Kabla nisalimie kaka, nataka kujua baba. Huyu baba yangu, asapan yake alifanyiwa wapi?"

Msomaji, katika miaka yote ya Adome kwenye siasa, hilo swali halikuwahi kuulizwa. Mtu akija mikono mitupu anaulizwa ukoo, rika na mahali alipofanyiwa asapan. Mtu akija na fahali anaulizwa tu kama barabara ilikuwa nzuri.

"Nelly, rudi jikoni!"

"Mama aliniambia," Nelly akaendelea, sauti ikitetemeka lakini haikatiki. "Rika yake ikichoma ng'ombe, yeye alikuwa bweni, mbali, anasoma. Likizo hakurudi. Alirudi na cheti."

Lokaale akaacha kutafuna, jambo ambalo wengi pale hawakuwahi kuliona.

"Swali ni nzuri," akasema.

Ekidor alishaona yote yanakoelekea. Kama Adome hajaingizwa utu uzimani, basi yeye pia ni mtoto, na mtoto hawezi kumsimamia mtoto. Nelly si dada. Lakini hata zawadi ya uwanja ilikuwa ahadi ya mtoto, na ahadi ya mtoto hupeperuka. Nelly, aliyewabembeleza wazazi mlango kwa mlango ili mabinti zao wacheze, alikuwa ameuweka uwanja rehani kwa ajili yake. Naye alikuwa akimtazama moja kwa moja mbele ya watu wote, bila kuinamisha macho. Ekidor alimpenda wakati ule kuliko alivyowahi kumpenda.

"Lokori!" Adome akapaza sauti. Alikuwa amepata jibu. "Nilifanyiwa Lokori, mwaka ule wa kipindupindu. Na aliyenisimamia ni Lochakapong, baba ya huyu huyu!"

"Lochakapong amekufa," Lokaale akasema.

"Amekufa, ndio. Mungu amlaze pema."

"Lakini mwanawe yuko hai." Mzee akamgeukia Ekidor. "Wewe, mwaka wa kipindupindu ulikuwa umezaliwa?"

"Nilikuwa nachunga mbuzi, mzee."

"Baba yako alienda Lokori kumsimamia huyu? Sema. Sasa una ruhusa."

Adome alimtazama Ekidor kwa macho yaliyobembeleza na kutisha kwa wakati mmoja. Sema ndiyo, yalisema macho, na uwanja ni wako hadi kufa.

Mwaka ule wa kipindupindu! Ekidor aliukumbuka. Kiangazi chote alikuwa na baba yake Lokiriama, mpakani na Uganda, pembe nyingine kabisa ya Turkana, wakilala chini ya ngozi moja ya ng'ombe. Baba hakwenda Lokori. Baba hata chumvi hakwenda kununua.

Aliwatazama wasichana. Daniella alikuwa ameubana mpira kwapani, hacheki tena. Neno moja tu, ndiyo, na kesho jioni watacheza. Nani angeumia? Marehemu haulizwi kitu. Na Nelly angemletea maziwa, angemwita kaka, kila sikukuu, maisha yote.

"Hapana," Ekidor akasema. "Baba yangu hakufika Lokori. Tulikuwa Lokiriama, mimi na yeye, kiangazi chote."

"Ukisema hivyo unarudi kwa watoto," Lokaale akasema, na safari hii hakuna dhihaka sautini. "Na uwanja unaenda. Unajua?"

"Najua, mzee."

"Rudia, wote wasikie."

"Baba yangu hakufika Lokori."

Lokaale akatikisa kichwa taratibu. "Adome, inuka kwenye majani yetu. Kumbe wewe ni mtoto miaka yote hii, na sisi tunakupea mgongo ya ng'ombe."

Kilichofuata hakikuwahi kuonekana katika wadi ile. Mheshimiwa, na suti yake, akaondolewa kwenye kikao cha wanaume huku mpiga picha akiendelea kupiga, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache. Bare akasogea kumpisha nafasi.

"Chai, Mheshimiwa?"

Adome hakuketi. Uso ulikuwa umebadilika, kampeni imeisha ndani yake. Alimwendea mwekezaji, akasema bila kunong'ona:

"Mambo ya nyama nimemaliza. Hakuna kikao, hakuna mzee. Piga simu, leta ile mashine. Leo leo."

Mwekezaji akatoa simu. Hakuhitaji kuongea sana. Tingatinga lilikuwa linasubiri barabarani tangu asubuhi, kwa maana Adome si mtu wa kutegemea baraka peke yake. Muda si muda vumbi likainuka upande wa Kakuma, na mlio wa chuma ukaanza kusikika.

Wazee wakaanza kubishana ni nani mwenye haki ya kulizuia. Mmoja alitaka kwanza fahali aliwe. Mwingine alitaka kikao kipya, mwezi ujao.

Ekidor alibaki amesimama katikati yao, uso umepakwa, shuka fupi, hana baba wala uwanja wala neno.

"Mzee," akamwambia Lokaale, "nirudi kwa watoto?"

"Rudi kwa watoto."

Akageuka kuwatafuta wavulana wa mifupa. Hawakuwapo tena. Wasichana pia hawakuwapo, wala Nelly. Akanyoosha shingo juu ya vichwa vya wanaume wote, akawaona. Walikuwa uwanjani, wamekaa chini kwenye mchanga, mstari mmoja kutoka nguzo hadi nguzo, Nelly katikati, Daniella na mpira mapajani. Tingatinga lilikuwa limeshakunja kona, na dereva wake alikuwa hapunguzi mwendo.

Ekidor alivua kandambili za Adome, akazitupa, na licha ya goti bovu akaanza kukimbia kuelekea uwanjani.